Kwa aliyeuliza kuhusu "asilimia 38": uliza kwanza ini liko wapi

Dada, umeuliza ile asilimia 38 kwenye ripoti ya wiki ya 22 ya mimba ina maana gani, na kwa nini unatumwa MRI (kipimo cha picha kwa sumaku) wakati utrasaundi imeshaonyesha ngiri ya kiwambo upande wa kushoto, yaani tundu kwenye msuli unaotenga kifua na tumbo la mtoto. Mimi si daktari. Ni baba wa mtoto aliyezaliwa na hali hiyohiyo.

Sisi tulihangaika na tundu wiki nzima, litazibwaje, lini, na nani, mpaka mpimaji mmoja akatuambia: tundu hushonwa, kazi iko kwenye mapafu. Kiwambo kwa kawaida hujifunga karibu na wiki ya 10. Kisipojifunga, utumbo na mfuko wa chakula hupanda kifuani wakati njia za hewa bado zinachipua matawi. Zikikosa nafasi, matawi yanabaki machache, na mishipa ya damu ya mapafu nayo inakuwa michache yenye kuta nene. Ndiyo maana baada ya kuzaliwa watoto hawa husumbuliwa na shinikizo la damu ndani ya mapafu. Tumboni oksijeni inatoka kwenye kondo, kwa hiyo mtoto anacheza kama kawaida. (Mke wangu alikuwa akipigwa mateke usiku kucha, nami nikawa nadhani wamekosea vipimo.)

Sasa hiyo 38. Wanapima pafu la upande usio na tundu, lako ni la kulia, wanagawa kwa mzingo wa kichwa, kisha wanalinganisha na kinachotarajiwa kwa mimba ya umri huo. Chini ya 25 ni hali kali. 45 na kuendelea ni nafuu. Ya kwako iko katikati, na hapo ini ndilo linaloamua: likiwa limepanda kifuani unahesabiwa kundi la wastani, likiwa limebaki chini matumaini ni makubwa zaidi. Kwenye utrasaundi ini na pafu hufanana rangi. MRI inayatenganisha vizuri na kupima ujazo wa mapafu yote mawili, tena haina mionzi. Nenda.

Ila usiiabudu namba. Kwetu ilitoka 31, siku nne baadaye kwa mpimaji mwingine ikawa 40. Nilishangilia, nikapigia simu ukoo mzima. Kumbe wa kwanza alizungushia mpaka wa pafu, wa pili alizidisha urefu kwa upana, na njia hiyo huonyesha pafu kubwa kuliko lilivyo. Tukarudi kwenye 31. Uliza yako ilipimwa vipi.

Kuhusu puto la kuziba koo la hewa la mtoto akiwa bado tumboni ili mapafu yakue, ambalo mwenzetu hapo juu amekushauri ulikimbilie: matokeo ya TOTAL, utafiti uliolijaribu puto hilo, yalitoka 2021. Kwa ngiri kali ya kushoto, waliowekewa puto kati ya wiki ya 27 na 29 walifika nyumbani wakiwa hai asilimia 40, wasiowekewa 15. Kwa kundi la wastani faida haikuthibitika, na puto huongeza uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati. Kwa 38 mimi nisingelikimbilia.

Waulize pia kama moyo wenyewe una kasoro, kama wanashauri kipimo cha vinasaba, na kama utajifungulia penye mashine za kupumulia za watoto wachanga na daktari wa upasuaji wa watoto. Majibu ya MRI yakitoka, tuandikie waliyosema kuhusu ini.