Maswali ya Wasomaji: Betri mpya ya gari, soma maandishi kabla hujalipa

Swali: Nina Toyota dogo lililotoka Japani likiwa limetumika. Asubuhi haliwaki mpaka niunganishe waya kutoka gari la jirani. Betri imeandikwa 46B24L. Dukani wananiambia hiyo hawana, nichukue NS60LS au N70, eti zote ni volti 12. Nichukue ipi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Usichukue hata moja kati ya hizo. Karibu magari madogo yote ni ya volti 12, kwa hiyo neno hilo halikusaidii kuchagua. Fuata maandishi uliyoyasoma. 46 ni daraja la nguvu. B ni upana na kimo cha boksi. Upana wake ni milimita 129 hivi. 24 ni urefu kwa sentimita. L ni upande wa chanya: ukisimama upande ambao vichwa vya betri (pale waya zinapofungwa) viko karibu nawe, chanya iko kulia kwako. Ingekuwa R, ingekuwa kushoto.

Herufi hiyo ya mwisho ndiyo inayoleta hasara kubwa. Waya wa chanya umekatwa kwa kipimo. Ukifungiwa betri ya R, waya haufiki, fundi mwenye haraka anaufunga kwenye kichwa kilicho karibu, na mara chanya imeungwa kwenye hasi. Hapo fyuzi kuu inaungua, na dayodi za alteneta (mashine inayochaji betri injini ikiwaka) huenda nazo.

NS60 ni jina la zamani la boksi hilohilo la B24. Lakini S ya mwisho katika NS60LS ina maana ya vichwa vinene: chanya ina kipenyo cha milimita 19.5, wakati ya vichwa vyembamba kama yako ni 14.7. Vibanio vya waya zako havitaingia, na wakivipanua kwa bisibisi vitapasuka. Omba NS60L, bila S. Ukipata 55B24L ni nzuri zaidi, kwani boksi ni lilelile na nguvu imeongezeka. N70 haitaiharibu alteneta kama wengi wanavyoogopa, ila upana wake ni milimita 173 na haitakaa kwenye trei yako. Betri isiyobanwa vizuri hutikisika kwenye barabara mbovu hadi sahani za ndani zinakatika.

Lakini kwanza hakikisha betri ndiyo mgonjwa. Pima kwa multimita asubuhi kabla ya kuwasha: 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu, chini ya 12 imeisha. Washa gari upime tena. Inatakiwa volti 13.8 hadi 14.5. Ikibaki chini ya 13, tatizo ni alteneta, mkanda au waya, na betri mpya nayo itakufa vilevile. Kama chaji ni nzuri, ichaji ijae kabisa, kisha mtu apige stata huku ukiangalia mita. Ikishuka chini ya 9.6, badilisha. Isiposhuka na kesho yake imelala tena, kuna kitu kinakula umeme gari likiwa limezimwa. Zaidi ya milliampea 50 ni nyingi. Anza na redio, alamu na kifaa cha kufuatilia gari.

Dukani nenda na mita yako. Betri iliyokaa sana rafuni bila chaji sahani zake huganda salfeti (chumvi ngumu), nayo hairudi kuwa mpya. Ikisoma chini ya 12.4, iache. Zile zinazojazwa asidi hapohapo dukani ziachwe angalau nusu saa, kisha zichajiwe, ndipo zifungwe.

Swali: Betri ndogo ya Prius yangu (gari la petroli na umeme), ile ya kwenye buti, imekufa. Fundi anasema ya kawaida inatosha. (Msomaji, Nairobi)

Jibu: Haitoshi, na ni hatari. Betri hiyo iko ndani ya gari mnamokaa watu, na betri ya asidi inapochaji hutoa gesi ya haidrojeni. Ya kwako ni ya AGM (asidi imefyonzwa kwenye mkeka wa nyuzi za kioo), iliyofungwa, yenye mpira wa kutolea gesi nje. Namba yake huanza na S, kama S46B24R. Usiondoke gereji kabla hujaona mpira huo umechomekwa.

Swali: Maji ya betri yakipungua niongeze asidi? Na nianze kufungua waya wa upande upi? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke tu, hadi mstari wa juu. Kinachopotea kwa joto na chaji ni maji; asidi inabaki. Ukiiongeza, itakuwa kali mno na kula sahani.

Kufungua, anza na hasi. Ukianza na chanya na spana namba 10 ikagusa bodi, ambayo imeungwa na hasi, cheche itaruka na spana itapata moto mkononi. Kufunga, chanya kwanza, hasi mwisho.