Mlango wa banda la gari ukianza kulia, usiuzoee

Mwangaluka wadau. Leo naongelea mlango wa banda la gari, ule wa kupanda juu kwenye reli. Nasema banda kwa sababu ukitamka gereji hapa Mwanza mtu anawaza mafundi na Noah iliyopandishwa kwenye mawe. Wenye rola shata za duka nanyi someni, nyingi zina springi ndani ya lile bomba la juu na vituko vyake ni hivi hivi.

Kwangu ni Bwiru. Nyumba niliinunua kwa mtu aliyekuwa ameagiza mlango wake na kontena, vipande vinne vya bati, mota, rimoti, mi nikajiona nimefika mjini. Miaka mitatu sijaugusa hata kwa kitambaa. Ukaanza kulia, mwanzo kama panya hivi, baadae ukawa unapiga kelele mpaka watoto wanajua baba karudi, na sisi tukauzoea kabisa. Halafu mota ikaanza kuvuta kwa shida, ikifika katikati inagoma inarudi chini, na mimi kwa akili zangu nabadilisha betri ya rimoti. Betri nne nimenunua jamani.

Usiku mmoja saa nane tukasikia paaa! Bwiru tumezungukwa na mawe, mama watoto akakaa kitandani akasema baba nanii, jiwe limeshuka. Nikatoka na tochi namulika mlimani, mawe yote yapo palepale yalipoachwa na Mungu. Saa kumi na moja alfajiri nataka kutoka niwahi Musoma, mlango haupandi. Springi ilikuwa imekatika vipande viwili. Tukaita bodaboda aliyekuwa anapita, tukawa watu wanne, tukaunyanyua kwa mikono tukasimamisha magogo gari likatoka, kitu ambacho nikikumbuka leo naona tulikuwa wajinga, ule mlango ungeteleza ungekata mtu miguu.

Fundi alivyokuja akaniuliza, mzee, we ulidhani mota ndo inabeba huu mlango? Nikasema ndio. Akacheka. Kumbe mlango wa hivyo unaweza kufika kilo 80, hata 100 na zaidi, na anayebeba ni springi iliyokazwa pale juu, mota inausindikiza tu. Springi ikichoka mzigo wote unaangukia mota, nayo inaungua, ndo ile kugomagoma niliyokuwa naitibu kwa betri. Springi nyingi za kawaida zimetengenezwa zihimili kama mara 10,000, kufungua na kufunga ni mara moja. Ukiufungua na kuufunga mara nne kwa siku hiyo ni miaka saba hivi, nyumba yenye vijana wanaoingia na kutoka kila saa gawanya mwenyewe.

Sasa kuna kipimo alinifundisha ambacho nakifanya kila baada ya miezi mitatu. Mlango ukiwa umefungwa, vuta ile kamba yenye mpini mwekundu ili mota iachie, nyanyua kwa mkono mpaka usawa wa kiuno kisha legeza mikono polepole, miguu iwe mbali. Ukitulia hapohapo springi ni nzima. Ukianza kushuka kwa uzito, au ukipanda wenyewe, pigia fundi, na usiendelee kuutumia eti mpaka mwisho wa mwezi. Na nasema vuta kamba mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu ukivuta ukiwa juu na springi imekatika unakuja wote kichwani.

Springi yenyewe usiiguse. Nati zake, bomba lake, na zile bolti za chini kabisa zinazoshika waya unaonyanyua mlango, zote ziache, pale pamekazwa nguvu inayoweza kuvunja mkono au kuondoka na jicho. Mafundi wa kuchomelea mnisamehe, nawaheshimu, ila kabla ya huyu wa pili alikuja mmoja akataka kuichomelea springi iliyokatika. Kuichomelea! Kile chuma kimepikwa kwa namna yake, ukikitia moto kinakuwa msumari. Na kama zilikuwa mbili badilisha zote mbili, maana zimefanya kazi sawa.

Yako wewe ni usafi na grisi. Hapa nina kesi na oili chafu, hii tunayopewa gereji kwenye chupa ya maji tukapake bawaba. Mimi nilimwaga mpaka kwenye reli. Vumbi la barabara yetu likaja likakaa humo, baada ya wiki mbili nina msasa mweusi unaokula rola, yale magurudumu ya mlango. Reli haipakwi kitu, futa tu kwa kitambaa kikavu. Grisi ya lithiamu au spreya ya silikoni weka kwenye bawaba na beringi za rola, na juu ya springi spreya kidogo bila kuigusa. WD-40 nayo watu wanaipenda sana, ni nzuri kulegeza kutu na kutoa uchafu, ila ikishakauka chuma kinabaki kikavu, kwa hiyo futa halafu ndo upake grisi. Ukimaliza pita na spana kwenye bolti nyingine, ule mtikisiko wa kila siku unazilegeza. Waya uangalie kwa macho, ukiona nyuzi zimeanza kuchomoka ni za fundi hizo.

Kuna siku pia mlango ulikataa kabisa kufunga, ukishuka kidogo unarudi. Nikadhani springi tena, roho ikanidunda. Kumbe usiku ule vijidudu vya ziwani vilikuja kama moshi, taa ya banda ilikuwa inawaka, vimejazana chini pamoja na utando wa buibui, vimeziba jicho la sensa. Zile sensa ziko sentimita 15 hivi kutoka sakafuni, kila upande moja, zinatazamana. Kitambaa laini, basi. Usizing'oe wala kuzifunga juu ili zisisumbue, ndo zinamlinda mtoto anayepita chini. Marekani mota za nyumbani zimelazimishwa kuwa na ulinzi wa aina hiyo tangu 1993. Laza ubao sakafuni, shusha mlango, ukigusa ubao lazima urudi juu. Usiporudi, zima mota mpaka fundi aje.

Mvua nazo, maji yanashuka mlimani na mchanga yanakaa kwenye mpira wa chini, bati linaanza kutu kimyakimya. Mwezi wa tisa kabla ya vuli nalisugua bati, nalipiga redoksaidi, ile rangi ya kuzuia kutu, mpira ukipasuka nabadilisha.

Kopo la grisi bado liko nusu, nimeliweka dirishani kwenye banda. Jirani wa juu keshaliazima mara mbili, na mlango wake bado nausikia kutoka hapa nilipokaa.