Kwa nini nasema jamii inatupimia kwa makopo mawili

Ndugu yangu uliyeuliza, swali lako limenikaa kichwani tangu jana usiku. Umesema hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, karibu kila mtu amebatizwa, kila avenyi ina kanisa, redio zinapiga nyimbo za injili tangu alfajiri. Sasa sisi walokole tunalia nini tukisema jamii ina vipimo viwili? Nani anatuonea? Nitakujibu kwa niliyoyaona mwenyewe. Mimi ni mwalimu, huu ni mwaka wa 19 katika shule ya kanisa, na ni shemasi katika kanisa la Kipentekosti upande wa Panzi.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja. Sijasema tunateswa. Mji huu unajua mateso ni nini. Askofu mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa hapahapa tarehe 29 Oktoba 1996. Wakubwa wengine walikuwa wameshakimbia, yeye akabaki na watu wake. Emmanuel Kataliko, aliyekuwa askofu mkuu baada yake, aliandika barua ya Noeli ya 1999, na kwa barua hiyo akafukuzwa Bukavu miezi mingi ya mwaka 2000. Aliporudi hakukaa, akafariki Oktoba mwaka huohuo. Wao walikuwa Wakatoliki na mimi ni Mprotestanti, lakini mbele ya majina hayo mawili siwezi kuita mateso kule kuchekwa kwenye arusi kwa sababu nimeomba Fanta.

Ninachosema mimi ni jambo la kila siku. Marehemu mama yangu aliuza maharage soko la Kadutu. Tangu nikiwa na miaka saba nilikuwa namshikia mfuko, kwa hiyo makopo nayajua. Kuna wauzaji waliokuwa na makopo mawili ya maziwa ya unga ya Guigoz yanayofanana kabisa ukiyatazama kwa mbali. La kununulia kwa wakulima kitako chake kimegongwa kwa ndani hadi kikafutuka nje, linameza maharage na bado wanalijazia mlima juu. La kuuzia kitako kimegongwa kutoka nje, kimeingia ndani kama kitovu, na juu wanapitisha kiganja, fyuu, hakuna mlima. Mkulima wa Walungu analia akiuza, mama wa Kadutu analia akinunua, na mwenye makopo anaapa kwa Mungu kwamba kopo ni kopo. Mama alikuwa na kopo moja tu, la kununulia na la kuuzia. Walimcheka miaka yote.

Kinachoniuma katika jamii yetu ni makopo mawili hayo. Swali lako lenyewe ndilo jibu: ndiyo, karibu wote tumebatizwa. Jina la Mkristo halimsumbui mtu. Shida inaanza pale mtu anapotaka kuishi kama alivyoahidi siku ile majini.

Nichukue semina. Shirika moja lilitualika walimu na wauguzi, siku tatu, kuhusu ulinzi wa wasichana. Jambo jema, nilienda kwa moyo wote. Asubuhi ya kwanza mama mmoja mzee, muuguzi, akasimama na kusema tuanze kwa sala fupi, kama tunavyofanya kwenye kila mkutano hapa kwetu, hata mkutano wa wauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Mwezeshaji akamwambia kwa upole: "Mama, hapa tuko watu wa imani mbalimbali, mambo ya dini tuyaache mlangoni." Yule mama akaketi. Nikasema moyoni, sawa, ni ukumbi wao, wenyeji ndio wanaoweka utaratibu.

Mchana yakaja mazoezi. Wakabandika karatasi mbili kubwa ukutani, moja imeandikwa NAKUBALI, nyingine SIKUBALI. Mwezeshaji anasoma sentensi, wewe unaenda kusimama upande wako. Sentensi ya nne ilikuwa kwamba msichana wa shule aliyepata mimba awe na haki ya kuitoa akitaka. Nikaenda SIKUBALI. Tulikuwa watatu: mimi, yule mama muuguzi wa Kikatoliki, na dada mmoja Mwislamu anayefundisha Kadutu. Wengine wote walikuwa upande wa pili, na baadhi yao naabudu nao Jumapili. Mwezeshaji akawauliza wale wengine sababu zao, akaziandika zote kwenye karatasi. Kwetu hakuuliza. Akageukia ukumbi akasema: "Ndugu hawa watatu bado wanashikiliwa na mila na dini. Ndiyo maana tuko hapa, tuelimishane."

Nakumbuka mikono ya yule mama. Alikuwa ameikunja kwenye kitenge chake kama mtoto aliyekemewa. Huyu ni mtu aliyezalisha wanawake miaka zaidi ya 30, aliyepokea wasichana waliotoka msituni wameharibiwa na wenye bunduki. Ikiwa kuna mtu ukumbini aliyejua sentensi ile ina uzito gani, ni yeye. Wala hakuulizwa.

Hapo ndipo nilipoliona kopo la pili. Sikatai kupingwa. Nchi yetu ilitangaza Mkataba wa Maputo, ule wa Afrika kuhusu haki za wanawake, katika Gazeti Rasmi mwaka 2018, na kifungu chake cha 14 kinafungua mlango wa kutoa mimba kwa aliyebakwa, kwa aliyepewa mimba na ndugu wa damu, na pale ambapo maisha au afya ya mama vimo hatarini. Wanaoupenda wanaupigania waziwazi, na ni haki yao. Mimi naamini mtoto aliye tumboni hakumbaka mtu, na nalisema hilo huku nawajua kwa sura wanawake waliobakwa, nimewabebea chakula, siongei kutoka mbali. Lakini imani ya yule mwezeshaji kuhusu maisha, kuhusu mwili, kuhusu familia, iliingia ukumbini kupitia mlango mkuu, ikakaa siku tatu na kulipiwa perdiemu, yaani posho ya siku. Ya kwetu ikaambiwa ibaki nje. Kwa nini ya kwake iitwe maarifa na ya kwangu iitwe mila?

Watu wananijibu kwamba Serikali haina dini. Kweli, Katiba ya 2006 inasema hivyo katika kifungu cha 1. Lakini Katiba ileile, kifungu cha 22, inampa kila mtu haki ya kuidhihirisha dini yake au msimamo wake, peke yake au pamoja na wengine, hadharani kama faraghani, mradi aheshimu sheria na haki za wengine. Hadharani, ndugu yangu. Haikusema jikoni kwako tu.

Na hiyo dini ya kuachwa mlangoni, jioni ileile mwezeshaji alitusifia Hospitali ya Panzi, kwamba ndiyo mfano wa dunia nzima. Nilifurahi, maana ni kweli. Lakini Panzi ilizaliwa 1999 mikononi mwa kanisa, yaani CEPAC, umoja wa makanisa ya Kipentekosti, na Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Nobel ya amani mwaka 2018, ni mtoto wa pasta wa Kipentekosti wa mji huuhuu. Sisemi kwamba daktari anafikiri kama mimi katika kila jambo, siwezi kumsemea. Nasema tu kwamba ukiwa na jeraha, kanisa ni mama. Ukishapona, kanisa lirudi nyuma lisisikike.

Kwenye siasa ni hivyohivyo, sitakaa hapo sana. Wakristo walipoandamana Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 wakidai Mkutano wa Kitaifa wa kuleta demokrasia ufunguliwe tena, wakapigwa risasi, nchi nzima iliwaita mashujaa. Walipotoka tena na rozari mikononi tarehe 31 Desemba 2017, vilevile. Halafu wakubwa wanabadilika, maaskofu wanasema neno lilelile kwa wakubwa wapya, na waliopiga makofi jana wanapaza sauti kwamba padri arudi sakristia.

Makelele nayo. Hapa nikubali kosa letu kwanza: kesha zetu za Ijumaa zilikuwa na spika nne, na jirani mwenye mtoto mchanga alikuwa na haki ya kukasirika. Tuliitwa ofisini, tukaambiwa tunavuruga usingizi wa watu, tukalipa faini, tukapunguza spika zikabaki mbili na saa nne usiku tunazima. Ilikuwa sawa. Lakini hatua 40 kutoka mlango wa kanisa kuna buveti, yaani baa. Spika zake zinatazama barabara, ndombolo inapigwa mpaka saa kumi ya alfajiri, siku saba za wiki, na wasichana wa umri wa wanafunzi wangu wanakaa pale. Nilipouliza ofisini kwa nini buveti haijaitwa, niliambiwa: "Pasta, pale watu wanajiliwaza, vita imewachosha." Mimi si pasta, lakini wacha hilo. Waliokuja kuomba usiku, vita haikuwachosha? Mama aliyepoteza wana wawili akija kulia mbele za Mungu, anafanya makelele. Mume wake akilewa ng'ambo ya barabara, anajiliwaza.

Sasa nifike kwenye shule, ambako ndiko ninakoshinda maisha yangu. Unajua historia: mwaka 1974 Rais Mobutu alizichukua shule za makanisa zikawa za Serikali. Miaka mitatu haikupita vizuri, na 1977 Serikali ikatia sahihi mkataba na makanisa kuyarudishia uendeshaji. Mpaka leo sehemu kubwa ya watoto wa Kivu wanasoma kwetu. Kila Septemba wazazi wanapanga mstari kwa prefe, mkuu wa shule, na wengi si walokole hata kidogo. Wanasema wazi: "Kwenu kuna nidhamu."

Baba mmoja alimleta binti yake, akaniomba mbele ya mtoto nimshike kwa nguvu. "Mwalimu, huyu umchunge, sitaki wavulana, sitaki simu, mfundisheni usafi wa Biblia." Tukamfundisha. Nilifundisha darasa lao kuhusu ndoa, mke mmoja, mume mmoja, uaminifu wa pande zote mbili. Wiki mbili baadaye yule baba akanijia mlangoni shuleni, amekasirika mpaka shingo imevimba. Binti alikuwa amemuuliza mezani, mama yake akisikia: "Papa, na ile nyumba ya Muhungu?" Maana kila mtu alijua ana dezyem biro, yaani mwanamke wa pembeni, kule, amempangia nyumba, amemnunulia friji. Akaniambia: "Nyinyi watu wa kanisa mna siasa kali. Mnawafundisha watoto kuhukumu wazazi."

Nilimwambia, kwa heshima kwa sababu ni mkubwa wangu: "Papa, uliniomba nimfundishe usafi. Mimi sijui usafi wa wasichana peke yake." Hakujibu. Alimhamisha mtoto mwisho wa muhula. Najua yuko shule gani sasa, na ninamwombea kwa jina.

Hiyo ndiyo picha kamili ya ninachokisema. Watu wanataka matunda. Wanataka mhasibu mlokole kwa sababu haibi, mfanyakazi wa nyumbani mlokole, mke wa mtoto wao awe mlokole. Lakini mhasibu huyohuyo akikataa kuandika risiti ya uongo, anaitwa mgumu, hajui maisha. Mzizi wenyewe unawaudhi.

Na bado sijamaliza, kwa sababu kuna kopo la pili ndani ya nyumba yetu, na hili linanikosesha usingizi kuliko lile la semina. Kanisani kwetu msichana wa kwaya alipata mimba. Tulimtoa kwenye kwaya, akapewa adhabu ya kukaa benchi ya nyuma miezi sita, kila Jumapili mkutano mzima ukimwona. Kijana aliyempa mimba alikuwa mpiga gita. Jumapili iliyofuata alikuwa palepale mbele, anapiga gita, kwa sababu alikana na kwa sababu hatukuwa na mwingine wa kupiga. Karatasi ya nidhamu ilihitaji sahihi za wazee na mashemasi. Sahihi yangu ipo.

Mke wangu ndiye aliyeniambia, tukiwa tunakula, bila kupandisha sauti: "Na yule wa gita?" Nilishindwa kumeza. Jumatano nilienda kwenye baraza nikasema nimekosea, nikaomba wote wawili wawe chini ya nidhamu ileile au wote wawili wasamehewe. Tulibishana wiki tatu. Mwishowe kijana alikiri, akashushwa, na sisi wote tukaenda nyumbani kwa wazazi wa msichana kuomba msamaha. Baba yake alitukaribisha, mama yake hakutoka chumbani. Ana haki. Miezi minne binti yao alikuwa ameshakaa kule nyuma peke yake, na mimi nilikuwa naipita benchi ile nikishika kikapu cha sadaka.

Kwa hiyo ukiniambia walokole ni wanafiki, sitakurukia. Nitakuuliza tu kama wewe ukikuta makosa hayo kwenye buveti, ofisini au kwenye semina unayakasirikia vilevile.

Uliuliza mwishoni kama bado nahudhuria hizo semina. Ndiyo. Kuna nyingine mwezi ujao, nimeshaandikisha jina langu, na yule mama muuguzi ameniambia naye anakuja. Tumepatana tukutane nje ya geti dakika kumi kabla, tusali hapo barabarani, halafu tuingie. Wakibandika tena karatasi zao, safari hii nitaomba kalamu, na sababu zetu niziandike mimi mwenyewe.