Kabla hujalipa "mchango" wa shule ya chata, uliza kwanza

Wazazi wenzangu mlioko California, hasa nyie mliofika juzijuzi na mtoto ndo anaanza shule, hili nawaombeni mlisome mpaka mwisho. Mwanangu alipopata nafasi shule ya chata hapa City Heights, San Diego, nilipewa fomu imeandikwa dola 400 kwa familia na masaa 30 ya kujitolea, chini pa kuweka sahihi. Mi nimekulia Tanga, karatasi ya shule ikiwa na kiasi cha hela we unalipa tu, kwahiyo sikuuliza mtu, tukakopa kwenye kikoba nikapeleka hela kwenye bahasha.

Kumbe haikuwa ada. Chata ni shule ya umma, inaendeshwa kwa mkataba lakini hela ya kusomesha inatoka serikalini, ndo ilivyo California tangu sheria ya 1992, na karo hairuhusiwi kutoza. Mahakama ya juu kabisa ya jimbo ilishasema tangu 1984, kesi ya Hartzell na Connell, kwamba shule za umma zisitoze hela hata za muziki na michezo, halafu 2012 ikapita sheria ya AB 1575 inayompa mzazi njia ya kulalamika, na chata zimo humo. Unamwandikia mwalimu mkuu, jina unaweza usiweke ilimradi una ushahidi, na ukionekana una haki shule inatakiwa irudishe hela kwa wazazi wote waliotozwa, sio we peke yako. Masaa nayo hivohivo, sio sharti la mtoto kupokelewa wala kuendelea kusoma, na shule inatakiwa ikwambie hivo.

Mwaka uliofuata nikauliza swali moja tu: nisipolipa mtoto wangu atakosa nini? Dada wa ofisini akanyamaza, akachukua kalamu akaandika "ni hiari" pembeni ya ile 400. Kwenye fomu yangu tu. Nyuma yangu kulikuwa na mama wa Kikongo, mtoto mgongoni, fomu yake haikuandikwa kitu, bas nikageuka nikamwambia palepale kwa Kiswahili, "mama, hii sio lazima." Hilo swali liulizeni na nyie, tena kwa sauti. Ukiwa nacho toa, hata dola 20, shule zina mahitaji kweli.

Masaa mi niliyatoa kwa moyo wangu, nikapangiwa barabarani asubuhi na rifleksa, na huko ndo nikaona majirani wanavyoteseka na sisi. Manake chata haichukui watoto wa mtaa ule tu, wanatoka mbali na mabasi mara nyingi hakuna, kwahiyo magari yote yanaminyana kwenye kimtaa kimoja kwa dakika ishirini. Asubuhi moja bibi mmoja wa Kimeksiko kasimama getini kwake, mkoba mkononi na blanketi limekunjwa, anaenda kusafishwa figo, na gari la mzazi limeziba njia yake. Mzazi karudi anasema dakika mbili tu jamani. Yule bibi hakujibu kitu, alikuwa anaangalia saa.

Jamani tupaki mtaa wa pili tutembee na watoto, na honi tuache. Mkataba wa mwanzo wa chata hauzidi miaka 5, ukifika wakati wa kuongezwa kuna kikao cha hadhara na jirani ana haki ya kusimama kusema yake, na mtu uliyemzibia geti miaka yote hiyo unategemea aseme nini?

Kwenye kikao cha wazazi nikasema kama hela ni mchango wetu basi na sisi tuseme iende wapi, nikaomba koni mbili za barabarani. Zikanunuliwa. Jumanne na Alhamisi mi ndo naziweka getini kwa bibi, saa moja na robo, na siziondoi kabla gari lake halijatoka.