Nilimkosesha mwanafunzi aliyepata

Miaka michache iliyopita niliwapa kidato cha kwanza jaribio dogo la Kiingereza: toa mfano mmoja wa "noun" (nomino, au jina), mmoja wa "verb" (kitenzi) na mmoja wa "adjective" (kivumishi). Mwanafunzi mmoja akayarudia maneno yaleyale. Mfano wa "noun" akaandika "noun", wa "verb" akaandika "verb", wa "adjective" vivyo hivyo. Nikaona anakwepa kazi, nikamkosesha yote matatu.

Baada ya kipindi akanifuata na daftari lake. "Samahani, Mwalimu. Kwani 'noun' si jina?"

Ni jina. Linataja aina ya maneno, nalo lenyewe ni la aina hiyo. "Verb" na "adjective" alikosa kweli, kwa sababu yote mawili ni nomino, lakini la kwanza alipata. Kesho yake nilimrudishia alama yake mbele ya wenzake na kumwomba radhi.

Tangu hapo nakusanya maneno ya Kiingereza yenye sifa ileile yanayoitaja, na kwa mwalimu mwenzangu, au wewe unayejifunza peke yako, nasema: yatumieni. Mwanafunzi anayejiuliza kama neno linajieleza hulazimika kutenganisha neno na kitu kinachotajwa. Wengi wanaochanganya sarufi wamekwama hapo tu: wanasikia "verb", wanafikiria kitendo, wanasahau kulitazama neno lenyewe.

Anza na "short". Ni fupi, sawa. Halafu andika "long" chini yake na uwaache wahesabu herufi: "short" ina 5, "long" ina 4. Neno la urefu ni fupi kuliko neno la ufupi! Kisha waulize kama "plural" iko katika wingi, na kama "hyphenated" ina kistari. Hapo darasa huwa limeshachangamka.

Ninakokaa zaidi ni kwenye silabi, maana hapo lugha yetu hutuvuta. Tumezoea silabi zinazoishia kwa irabu, kwa hiyo "short" hutoka mdomoni kama "shoti", silabi mbili badala ya moja. Nimesahihisha kosa hilo kwa miaka bila mafanikio makubwa, mpaka nilipoanza kutumia "pentasyllabic", yaani lenye silabi 5. Ukilitamka vizuri lina silabi 5 kamili: pen-ta-syl-lab-ic. Ukilimalizia kwa irabu, "pentasilabiki", zinakuwa 6, na neno limeacha kusema kweli juu yake lenyewe. Mwanafunzi hanihitaji tena nimwambie amekosea. Anahesabu kwa vidole na kujua. Mpe pia "monosyllabic", yaani lenye silabi moja, agundue kwamba nalo lina 5.

Kwa tahajia, hakuna neno lililonisaidia kama "misspelled". Linamaanisha lililoandikwa vibaya, na wengi huliandika kwa "s" moja. Waambie hivi: ukiweka "s" moja, neno lako linajieleza, ukiweka mbili, halijielezi tena, lakini umepata. Sijaona mwanafunzi aliyeelewa hilo akairudia "s" moja.

Angalizo moja. Yapo maneno yanayobadilika kulingana na mahali yalipo. "Printed", yaani lililochapwa, ni uongo ubaoni kwa chaki na ni kweli kitabuni. Usikimbilie kutoa jibu la ndiyo au hapana. Waulize kwanza tunalitazama wapi.

Kidato cha tano na sita wanaweza kwenda mbali zaidi. Mwaka 1908, Wajerumani wawili, Kurt Grelling na Leonard Nelson, walichapisha ukinzani uliowasumbua wanamantiki kwa muda mrefu. Neno linalojieleza huitwa "autological", lisilojieleza huitwa "heterological". Sasa, "heterological" lenyewe liko kundi gani? Ukisema halijielezi, basi lina sifa linayoitaja, kwa hiyo linajieleza. Ukisema linajieleza, basi ni lisilojieleza. Usiwape suluhisho. Waache wabishane, hata kengele ikilia. Huwa nawaambia pia kwamba Grelling, aliyekuwa wa asili ya Kiyahudi, aliuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1942. Naona ni haki wanafunzi wanaofurahia swali lake walijue jina lake na yaliyompata.

Wakishachoka na hilo, nawauliza kuhusu "autological". Wanaosema linajieleza hawapati ukinzani wowote. Wanaosema halijielezi nao hawapati. Darasa hugawanyika, kila upande ukidai umeshinda, nami nafuta ubao na kuwaachia mpaka kipindi kijacho.