Picha za simu mpya zinapotelea wapi?

SWALI: Habari fundi. Niko Arua, Uganda, nimetengeneza fomu ya sako yetu (chama cha akiba na mikopo) ya bodaboda, mtu anajaza jina na namba ya simu halafu anatuma picha tatu, pamiti (leseni ya udereva) mbele, pamiti nyuma na uso wake. Kwa simu yangu ya zamani vyote viliingia safi. Wenzangu wenye simu mpya wakituma hakuna kitu, hata jina halifiki, ukurasa unarudi tu kama hawajajaza. Ile multipart/form-data, inayoruhusu fomu kubeba faili, niliiweka kwenye fomu. Picha zikifika naziweka kwenye folda ya uploads kwa jina lile lile faili ilivyokuja nalo. Ni mtandao ama ni mimi? – Msomaji, Arua

JIBU: Ndugu yangu, mtandao uache, hapa hauna kosa. Umesema neno moja limenisaidia sana: hata jina halifiki. PHP, lugha inayopokea fomu yako kwenye seva, inakuja na mipaka miwili, upload_max_filesize ambayo ni 2M (yaani MB 2) kwa kila faili, na post_max_size ambayo ni 8M kwa fomu nzima. Faili moja ikizidi 2M, jina na namba vinafika, ila ndani ya $_FILES (orodha ya faili zilizotumwa) unakuta error ni 1, yaani faili imezidi mpaka. Lakini mzigo wote ukipita 8M, basi $_POST (yale maandishi, jina na namba) na $_FILES zote zinabaki tupu, na skripti yako, yaani programu inayopokea fomu, inadhani hakuna mtu aliyetuma. Picha tatu za simu mpya, kila moja MB 4, hiyo ni 12 tayari. Fungua logi ya seva utaona onyo limeandikwa humo.

Sasa usihangaike na ini_set (amri ya kubadili mipangilio) ndani ya skripti, haisaidii, maana skripti inaanza kazi faili zikiwa zimeshapokelewa. Badilisha kwenye php.ini, faili ya mipangilio ya PHP, ama kama seva ni ya kukodi jaribu .user.ini, faili kama hiyo ndani ya folda yako, weka 6M kwa faili na 20M kwa fomu. Na pia punguza picha kwenye brauza kabla haijatoka, maana mwenzako wa bodaboda anatuma kwa MB alizonunua kwa pesa yake, kwa nini umchome MB 12 wakati pamiti inasomeka vizuri kwa chini ya moja?

Ila kilichonitisha ni ile folda. Hizo ni pamiti za watu! Ikiwa iko ndani ya sehemu inayofunguka kwa brauza, yeyote akibahatisha jina la faili anaiona, na mtu mbaya akituma faili ya .php akaja kuifungua, seva inaiendesha, imekuwa yake. Jina la faili alilotuma nalo mtu usilitumie kabisa, tunga lako la herufi za ovyo lisiloweza kubahatishwa, na aina ya faili anayoitaja brauza usiiamini, kagua mwenyewe kwa finfo (chombo cha PHP cha kutambua aina ya faili), halafu move_uploaded_file (amri ya kuhamisha faili iliyopokelewa) iipeleke nje ya sehemu hiyo inayofunguka kwa brauza. Ukitaka kuziona, skripti yenye paswedi ndiyo ikuletee. Na Uganda tuna sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, sako ikikusanya vitambulisho vya wanachama inapaswa kuvitunza.

Kwa hiyo hiyo folda ihamishe leo, hizo M utazigusa kesho.