Muulize Shangazi: Tulilipia bahari, tukakuta mwani

Shangazi shikamoo. Mimi ndo dada mkubwa kwetu, kwa hiyo safari yoyote ya familia naangushiwa mimi. Mwaka jana tulikodi nyumba ya ufukweni wikiendi nzima, picha tulizotumiwa maji yako mpaka kwenye ngazi, tumefika Jumamosi saa nne asubuhi, watoto washavaa nguo za kuogelea tangu kwenye gari, bahari haipo! Imeenda hukoo, unaona mwani tu na kina mama wanatafuta pweza. Mdogo wangu akamuuliza mlinzi, "bahari mmeipeleka wapi?" Sasa safari hii tunataka Ushongo, kule Pangani, kuna nyumba imejitenga peke yake. Tuko 19, watoto 8, mama magoti yanamsumbua, na mume wangu naye anakuja. Wanataka nusu ya hela wiki hii. Niangalie nini kabla sijatuma?
Dada Mkubwa, Tegeta

Marahaba mwanangu, na pole, ila nimecheka. Yule mwenye nyumba kapiga picha maji yamejaa, nyie mmefika yamekupwa, basi. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo kabla hujauliza bei uliza mwezi wa angani umefikia wapi. Wikiendi ya mwezi mpevu au mwandamo ni bamvua, maji yanapwa sana mida ya saa nne, saa tano asubuhi halafu yanajaa kwenye saa kumi, kumi na moja jioni. Nadhani ndo yaliyowakuta. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hapo asubuhi ile ile unayakuta yamejaa na hata yakipwa hayaendi mbali.

Kwa Ushongo lakini mimi ningechagua bamvua, sababu ya Maziwe. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, bahari ikaila yote, sasa hivi ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa tu, maji yakijaa linazama. Asubuhi mnaenda na boti mnaogelea kwenye matumbawe, jioni bahari inawafuata wenyewe mpaka mbele ya nyumba. Laifu jaketi za watoto ziwe saizi yao, sio za baba zao. Na msiende upepo wa kusi ukiwa umechachamaa, mwezi wa sita wa saba hivi, mtatapika njia nzima.

Nyumba yenyewe usiulize vitanda vingapi, uliza vyoo vingapi na milango yake inatokea wapi. Mumeo na mama yako wasichangie koridoni. Mimi nishawahi kukutana na mkwe wangu anatoka kuoga na taulo, mpaka leo tukionana tunaongelea mvua tu. Mama apewe chumba cha chini, choo humo humo, na uulize gari linafika mlangoni au mnatembea mchangani, maana magoti na mchanga havipatani.

Msosi: kule hakuna supamaketi. Mkipitia Segera na Muheza mnatokea Pangani mjini, mchele, mafuta na vitunguu mnunue hapo kabla hamjavuka mto kwenda Bweni. Samaki msibebe, wavuvi wapo. Uliza kama maji ya bomba yana chumvi, chai yake haipandi kabisa, na mtungi wa gesi ukifika unyanyue mwenyewe, usiambiwe tu umejaa. Halafu kama kuna mpishi mlipeni, la sivyo we na wifi zako mtakaa jikoni siku mbili mnawapikia watu 19 wanaorudi na njaa ya bahari, mtaiona bahari dirishani.

Hela kusanya kwa kaya, na yule kaka anayesema "nitalipa tukifika" mhesabu haji. Nusu usiitoe mfukoni kwako. Kabla hujatuma wakuandikie kwenye meseji, mkiahirisha hela inarudi au imekula kwenu, ya mdomoni usiikubali.

Leo usiku toka nje uangalie mwezi umefikia wapi, uhesabu mpaka wikiendi yenu, ndo umpigie mwenye nyumba.